Kasi ya Mgeni

Jumanne, 9 Novemba 1999
Mtandao wa ofisi mzito tena! Barua ndogo zinapita, kubwa zinakwama. Nimebadilisha waya, nimezima ruta inayotugawia mtandao na kuiwasha, nimepanda paani kufuta vumbi kwenye dishi mpaka suruali ikachanika. Wapi! Mama Jawahir, mkuu wetu, akaniuliza mbele ya wote: fundi, kuna nini? Nikaona haya kusema sijui. Nikaropoka kwamba kuna mtu anavuta mafaili makubwa. Nani? Mdomo huu! Nikasema Hared, kwa vile yeye ndiye hutuma picha za mbuzi wagonjwa kwa madaktari wa mifugo.

Jumatano, 10 Novemba
Hared amekana. Mama Jawahir akasema basi yaishe kwa kiapo. Hared akatia udhu, akashika Msahafu, akaapa kwamba hajavuta chochote nje ya kazi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mchana mtandao uleule, mzito. Nuh wa stoo akaninong'oneza: huyu ameapa uongo, wallahi.

Alhamisi, 11 Novemba
Hared hakuja kazini. Nikaizima mashine yake, nikapima. Kasi ileile! Inapanda, inagota palepale, haizidi hata kidogo. Laini mbovu hupanda na kushuka ovyo. Hii imebanwa na mtu. Nikafungua maagizo ya ruta.

Yaa Rabbi. Ni mimi!

Mwezi uliopita alipokuja mgeni kutoka Nairobi, nilizibana kasi mashine zetu zote ili yake ipite bila kikomo. Hakuna aliyenituma. Mgeni ni mgeni — kwetu hata maziwa hupewa yeye kwanza. Akaondoka, nikasahau kuzifungua. Wiki tatu tunagombania makombo, yeye yuko kwake.

Nimefuta mistari ile ya maagizo. Sijamwambia mtu. Kesho nitasema, baada ya swala ya Ijumaa.

Ijumaa, 12 Novemba
Mtandao unakimbia! Wote wananipongeza. Nuh akasema: si mnaona? Hared katoka tu, mashine zimepona. Mama Jawahir akasikitika, akasema anamwogopa mtu anayechezea Msahafu.

Nikazipokea pongezi, siri nikabaki nayo. Mwoga mkubwa! Nimetengeneza ruta, nimemmaliza Hared.

Jumamosi, 13 Novemba
Habari imefika sokoni, na kutoka sokoni kwa baba yake Bishara, mchumba wa Hared. Amesema binti yake haolewi na mwapa uongo.

Nimekuja kwa kina Hared. Nilitaka nimwambie peke yake, uani, haraka, niondoke. Kumbe wazee wamekaa tayari, na baba yake Bishara yupo. Mama yake Hared akanishika mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: Warya Shuaib, karibu! Marafiki wote wamekimbia, wewe tu umekuja. Wewe najua mashine — ambia hawa wazee kama mtoto yangu naweza kuapa uongo.

Hared hakuniangalia; kumbe hajamwambia mama yake ni nani aliyemtaja.

Wametoka kwenda kuswali alasiri. Mimi nimesema nimeshaswali. Uongo mwingine! Nimebaki peke yangu mkekani, naandika. Mbele yangu kibuyu cha maziwa ya ngamia. Nimepewa mimi kwanza, kabla ya wazee, kabla ya Hared. Sijayagusa.

Nasikia viatu mlangoni. Mama yake Hared anawaambia waketi, fundi atasema sasa —