Ruhusa ya Noeli

Jumatatu, 2 Desemba 1968

Maharagwe ya shamba la juu yameanza kukauka. Nimeng'oa mistari sita, mvua ikanifukuza. Mgongo unauma lakini silalamiki. Mwaka huu maganda yamejaa.

Papa Feza, mume wangu, amerudi kutoka Mpofi, alikokwenda kumwona kaka yake mgonjwa. Kaka amepona. Yeye ndiye aliyerudi na homa yake: kule alimsikia mhubiri mgeni akisema Noeli haimo katika Biblia, watu walijitungia tu. Hajavua hata viatu. Ameketi mlangoni, anafunua Mathayo. Nimemwambia bugali unapoa. Hakusikia.

Namjua huyu. Akishika jambo ni kupe.

Mimi nina langu moja tu kichwani. Binti yetu Feza anakuja Noeli. Siku ishirini na tatu zimebaki.

Jumatano, 4 Desemba

Bado anasoma. Mathayo, Marko, Luka. Jioni akafunga kitabu: "Mama Feza, kuzaliwa iko. Bachungaji bako. Siku haiko."

Kweli haiko. Nilimfuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilifundisha watoto kusoma miaka tisa pale misheni, sidanganywi kwa kitabu. Hakuna tarehe, wala hakuna amri ya kuchinja mbuzi. Ila yule mhubiri aliongeza kwamba Desemba ni baridi, kondoo hawalali nje. Nikamwonyesha kondoo wa jirani yetu Mama Safi, wamelowa pale kilimani, wanatafuna. Akasema Bethlehemu si hapa Masisi. Nikamwuliza alifika huko lini.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

Jumapili, 8 Desemba

Nina hasira. Naandika ili nisiseme.

Kanisani tulijaribu nyimbo za Noeli. Papa Feza, shemasi mzima, alifunga mdomo. Pasta hakukasirika. Alimkumbusha tu Paulo alivyowaandikia Warumi, kwamba mmoja huitenga siku na mwingine huona siku zote ni sawa, bora kila mtu awe na hakika moyoni mwake. Nikadhani yameisha.

Njiani kurudi ndipo aliponiambia. Alhamisi wauza mawese walipita hapa wakirudi Itebero. Akawapa ujumbe wa kumpelekea Feza: kwetu hakuna Noeli tena, lakini aje siku yoyote anayotaka. Aliona ametenda haki.

Siku yoyote! Feza yuko kwa wakwe, huko Itebero. Tulipomwoza, mama mkwe wake alisema wazi mbele yetu: "Noeli iko ya Mungu, hatuwezi kumukataza. Siku zingine ziko za shamba." Basi ni mara moja kwa mwaka. Mwaka jana mimba ilimzuia. Sasa mtoto ana miezi kumi, msichana, amepewa jina langu, na sijamwona hata ukucha. Ruhusa yote ilining'inia kwenye neno moja. Mume wangu amelikata.

Nilimwambia yote pale pale, mvua inatunyeshea. Alisimama. Alikuwa amesahau kabisa. Wanaume huketi kwenye mazungumzo ya ndoa, wakitoka wanakumbuka mbuzi tu.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemwomba atume ujumbe mwingine, kwamba Noeli ipo. Amekataa. "Nikisema iko, na moyo yangu inasema haiko, hiyo njo uongo. Nitadanganya kwa jina ya Yesu?"

Huu ukaidi wake wa kusema kweli ndio uliofanya nikubali posa yake. Leo naulaani.

Ningetuma mwenyewe, lakini ujumbe wa mke ukipingana na wa mume, wakwe watasema nyumba hii ina vichwa viwili. Tena hakuna anayeshuka Itebero juma hili. Mito imejaa.

Nimempikia sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Amekula yote, akaosha mikono.

Alhamisi, 12 Desemba

Nami nimeingia katika Maandiko. Kama ni vita ya kitabu, na tupigane.

Nimeanza na Esta. Wayahudi waliokoka, wakajiwekea siku zao wenyewe, wakapelekeana vyakula, wakawapa maskini. Sioni mahali Mungu alipowaagiza. Nikamsomea. Akajibu: "Ile iliandikwa. Ya kwetu haikuandikwa."

Haya. Yohana, sura ya kumi. Sikukuu ya kutabaruku hekalu, wakati wa baridi, na Yesu anatembea pale ukumbini. Sikukuu hiyo nimeitafuta katika vitabu vyote vitano vya Musa. Haimo! Watu waliianzisha baadaye, na Yesu hakuwafukuza. Nikaweka kidole pale, nikampa Biblia mkononi, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi alikuwa bado kwenye ukurasa ule ule. Nimefurahi vibaya.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua kutwa. Maharagwe tumeyaingiza ndani, yametandazwa mpaka chini ya kitanda.

Papa Feza amevunja kimya saa sita: "Yesu alitembea pale. Haikuandikwa kama alikula."

Nimemtupia ganda.

Ijumaa, 20 Desemba

Wauza mawese wamepanda tena. Mzee wao alilisema jibu la mama mkwe kama alivyolipokea, amesimama wima, mikono kando: "Tumesikia. Kama Noeli haiko, safari haiko. Mupunga iko mingi. Feza anasalimia."

Nimelia mbele ya watu. Sijali. Hata kuwakaribisha sikuweza. Papa Feza aliwapa maji, akatoka, akaketi kwenye jiwe la kunolea panga. Mvua ilianza, akabaki hapo hapo. Hakula.

Jumamosi, 21 Desemba

Alfajiri ameniambia: "Miye njo nilifunga njia. Miye njo nitaifungua."

Kwa miguu ni siku tano, kwa kijana. Yeye ana miaka hamsini na tisa. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha, maharagwe mapya na chumvi. Biblia ameikunja ndani ya ngozi ya mbuzi isilowe.

Nikamwuliza, "Utabaambia Noeli iko?"

"Hapana."

"Sasa utasema nini?"

"Sijui bado. Njia iko murefu, nitafikiri."

Nikasimama mpaka akapotea konani. Nampenda mtu yule, na ningempiga.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Nimekwenda kanisani peke yangu, nimevaa kitambaa cha buluu. Kwaya ilikosea ubeti wa pili, kama kila mwaka. Kila mtu ananiuliza bwana yuko wapi. Mama Safi akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti: "Papa Feza anakataa Noeli, na leo iko mu njia sawa wale mamajusi, anaenda kuona mutoto!" Watu wakacheka. Hata pasta. Nami nikacheka, nikashangaa kujisikia nacheka.

Nimekula kwa Mama Safi. Nyama laini, mchuzi mzito. Nimekuwa na furaha leo, nusu siku nzima, na sioni sababu ya kuificha. Tarehe haimo katika kitabu, sawa. Mimi siku hii naipenda.

Jumapili, 29 Desemba

Hakuna habari. Wasiwasi sasa si wa Feza tu. Mto ukimzidi nguvu? Akianguka mahali msituni, nani atajua? Nilimnyima chumvi mtu huyu. Pasta amemwombea kwa jina. Nilitaka kufuata sala, nikabaki nawaza viatu vyake, kile cha kushoto kilichopasuka.

Ijumaa, 3 Januari 1969

Wamefika! Saa tisa, wote watatu. Nilikuwa napepeta, nikaangusha lungo, maharagwe yote chini. Mtoto aliniangalia, akaangalia maharagwe, akaamua kulia. Ana paji la uso la babu yake, maskini.

Papa Feza hasimulii. Ameketi, anavua viatu. Feza ndiye anayesimulia, kwa kicheko.

Baba yake alifika Itebero siku mbili baada ya Noeli. Mama mkwe akampa kiti, akamwambia kwa heshima: "Papa, ruhusa ilikuwa ya Noeli. Na Noeli ilishapita." Papa Feza akafungua ile ngozi, akampa mume wa Feza Biblia asome Luka kwa sauti, wote wasikie, kisha awaonyeshe mahali palipoandikwa siku. Mkwe wetu akasoma. Akatafuta juu, akatafuta chini. Hakuona.

"Basi haijapita," mume wangu akasema.

"Sasa iko lini?"

"Sijui, mama. Inaweza kuwa leo. Inaweza kuwa mu mwezi ya tano."

"Na mwezi ya tano pia atakuja?"

"Mu Biblia sikuona mahali inakataza."

Feza anasema mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Kisha akainama kuangalia miguu ya Papa Feza. Ilikuwa imevimba kama mihogo. Akaagiza maji ya moto, akamkanda mwenyewe. Feza anaamini Luka alisaidia, lakini miguu ile ndiyo iliyomshinda mama yule. Kesho yake aliwafungashia mchele, akasema wakae huku majuma matatu. Na mwezi wa tano, wataona.

Nimelirudia neno baada ya neno, natafuta uongo wa mume wangu. Hakusema hata mmoja.

Jumatatu, 6 Januari

Jua tangu asubuhi. Tumetoa maharagwe yote nje, kwenye mikeka. Feza anatwanga sombe, anaimba chini chini. Mtoto anatambaa juu ya maharagwe, anachagua moja, analiangalia, analirudisha. Nimeliona hilo karibu mara ishirini, sijachoka.

Papa Feza miguu imepungua uvimbe. Ameketi kivulini na mtoto akimpanda mapajani. Hajafungua Biblia tangu Ijumaa, anasema macho yanapumzika.

Wakati wa kula nilimwuliza kama leo ndiyo Noeli. Alifikiri kweli, kama kawaida yake.

"Iko Jumatatu," akasema, akanipa mtoto.