Kaburi Halihami

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi magoti, bado yanakusumbua ukiinuka? Na mikorosho huko Newala imeanza kutoa maua, au bado inaringa? Mimi mzima, ila baridi ya huku chini ya Mlima Meru imenishinda. Asubuhi navaa sweta mbili, na akina mama wa Akheri wakiniona wananicheka: "Dada, leo mbona kuna joto!"

Nilipokwambia kwenye simu kwamba sipati usingizi, ukadhani ni mwanamume. Pole mama, ni kaburi.

Tunajenga wodi ya wazazi kando ya zahanati ya hapa Akheri, mimi nikiwa mpima ardhi. Kiwanja alikitoa mjane mmoja, Bibi Elifuraha, kwa sharti moja tu, kwamba kaburi la mumewe lililo pembeni lisiguswe. Limezungushiwa masale, yale majani marefu ambayo Wameru huyapanda makaburini na mipakani. Basi tulipouweka mchoro wa jengo juu ya vipimo vyangu kwenye kompyuta, ukuta wa nyuma ukapita juu ya kaburi. Injinia akasema jengo halina pa kusogezwa. Akaenda na mchungaji kumwomba bibi, naye akakubali.

"Wanaojifungua ni wengi," alisema, "mzee wangu ni mmoja."

Wanawe wakaambiwa wachimbe Jumamosi, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwaonyesha pa kuchimba. Mama, niliumia. Nilijiona mimi ndiye ninayemfukuza yule mzee kwake.

Ijumaa nikiwa najiandaa, nikaliona tenki. Wachoraji wa jengo, walioko Dar, walikuwa wamelichora na tenki la maji la zamani, lililo nyuma ya zahanati. Kwenye kompyuta limesimama katikati ya migomba ya jirani! Nikatoka nje kuhakikisha. Tenki liko palepale, halijaenda popote. Nikapiga simu Dar. Kumbe wenzetu, ili wachore kwa urahisi, walilinyoosha jengo lifuate karatasi, kaskazini yao ikawa ni juu ya karatasi. Vipimo vyangu vinafuata kaskazini ya kweli. Aliyeviunganisha alilinganisha pale getini tu, pakakubali, nasi sote tukaamini. Ni kama mkeka uliopigiliwa msumari kona moja, penye msumari pako sawa, kule mwisho umeshageuka.

Tukaugeuza mchoro mpaka tenki likakaa juu ya tenki. Nikarudi kiwanjani na mashine yangu, nikapima na kupigilia vigingi upya. Ukuta ukaliacha kaburi, pakabaki hata njia ya kupitisha toroli. Injinia alikaa juu ya matofali akacheka peke yake. Mimi nililia, sina haja ya kukuficha.

Niweke salamu hapa nisije nikazisahau. Nisalimie kaka Hamisi, mwambie aache kutengeneza baiskeli za watu kwa mkopo, na shangazi wa sokoni, na mama mdogo anayekusomea barua hii, asiruke mistari. Injinia ameniruhusu nije nyumbani zege la msingi likishamwagwa.

Basi nilikimbia mpaka kwa Bibi Elifuraha. Nilimkuta anachambua maharage. Nilipomaliza kumweleza akashika kichwa.

"Jamani! Na mimi jana nimeshakwenda kumwambia anahama."

"Si utamwambia tu kwamba anabaki, bibi?"

"Atasema nimeanza kuchanganyikiwa. Twende wote, uwe shahidi wangu."

Tukaenda. Alisimama kwenye masale, akafunga kanga vizuri, akaanza kuongea na mumewe kwa Kimeru, mara anamgombeza, mara anacheka, mara anafuta macho. Mimi nimesimama nyuma yake na viatu vya matope. Kimeru bado kinanipita, mama. Ila katikati ya maneno yake nililisikia jina langu.

Mwanao,
Zuhura