Nusu Yenye Kisima

Saaremaa, 10 Aprili 2011

Mdogo wangu Heino,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo Marjatta. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo kazi ya matofali huko ng'ambo Turku? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi.

Nina neno. Malisho ya baba yamegeuka pori. Vichaka vya mireteni vyenye miba vimenipita urefu, na dirishani bahari haionekani tena. Jirani Uno amepanda misonobari kwake, na tukikutana dukani ananichokoza: “Laine, utaacha lini kufuga miba?” Mimi miti sitaki. Baba na mama walivunjika migongo kuyasafisha yale malisho.

Sasa amekuja kisiwani kwetu msichana wa mjini Tartu, anaitwa Triinu. Ana kondoo, hana ardhi. Atafyeka mwenyewe, sisi atatupa nyama na sufu. Lakini nusu ni yako, tena ndiyo yenye kisima, kwa hiyo nasubiri kauli yako. Alikaa kwenye kiti chako akala uji wa shayiri mpaka nikakwangua sufuria.

Dada yako,
Laine

Turku, 2 Mei 2011

Dada mpendwa,

Hatujambo. Marjatta anashukuru kwa soksi. Mgongo ni ule ule.

Kuhusu huyo msichana, hapana. Watu wa mjini nawajua. Watapiga picha na wanakondoo kiangazi kimoja, theluji ikianguka wanarudi kwao, wewe unabaki na ua uliovunjika. Panda misonobari kama Uno. Mti haukuombi kitu, wala haukalii kiti cha mtu.

Halafu hukusema analala wapi.

Mdogo wako,
Heino

Saaremaa, 20 Mei 2011

Mdogo wangu Heino,

Natumaini wazima. Huku cheri zimechanua.

Analala chumbani kwako. Ulitaka alale zizini? Kitanda kile hakijaona mtu tangu uoe. Amekwisha kufyeka kona yote ya upande wangu, mikono ina mikwaruzo hadi viwikoni. Jana tulikaa nje tukanywa bia niliyoitengeneza, na bahari tukaiona. Ananiita shangazi. Uno alikuja kuchungulia ukutani, akauliza kama kondoo hao wanang'ata. Nikajua wivu umemchoma.

Nawe una wivu, Heino. Nakuambia kwa sababu ugonjwa huo naujua. Siku ya harusi yako nilioka keki, nikacheka na kila mtu, kisha nikajifungia kwenye bafu la mvuke nikalia mpaka mawe yake ya moto yakapoa. Marjatta nilimwona mwizi. Wivu wangu ulipita, na wako utapita. Kisima cha hapa nyumbani hukauka kiangazi, unajua. Kondoo watahitaji kile chako. Sema ndiyo.

Dada yako,
Laine

Turku, 8 Juni 2011

Dada,

Wivu! Mtu mzima mwenye mvi nimwonee wivu mchunga kondoo? Nilimsomea Marjatta barua yako. Hakucheka. Tangu siku hiyo soksi zako hazivai.

Nusu yangu nimempa bwana wa kampuni ya miti, watapanda misonobari vuli hii. Upande wako fanya utakavyo. Kondoo wasivuke. Na chumba changu kiachwe wazi, huenda nikaja.

Mdogo wako,
Heino

Turku, 15 Agosti 2011

Dada Laine,

Habari za siku nyingi? Hujajibu, na simu hupokei. Umenuna? Joto huku limezidi, sijui huko. Nijulishe tu kama u mzima.

Huyo bado yupo?

Mdogo wako,
Heino

Saaremaa, 2 Oktoba 2011

Heino,

Mimi ni mzima. Ulitaka kujua kama yupo. Hayupo.

Kiangazi chote tulibeba maji kwa ndoo kutoka kwa Uno. Goti langu likavimba kama kabichi, ndipo Triinu akasema, “Shangazi, nitakuua bure.” Kule kisiwa cha Muhu kuna mzee na mkewe ambao watoto wao wote wako mbali. Wamempa malisho yao. Nilisaidia kupakia kondoo. Jike moja jeusi liligoma kupanda, tukacheka huku tunalia.

Wiki iliyofuata watu wa misonobari wakaja. Wamepanda kwa mistari iliyonyooka. Uno amefurahi, anasema sasa tuko sawa.

Chumba kiko wazi.

Laine

Saaremaa, 27 Desemba 2011

Dada yangu mpendwa,

Naandika nikiwa jikoni kwetu. Nilikuja Krismasi kimya kimya ili nikushtue, nikashtuka mimi. Nyumba baridi, jiko halina hata jivu la jana. Uno akanitolea ufunguo. “Yuko Muhu kwa binti yake wa kondoo. Hukujua? Kijiji kizima kinajua.” Alivyotabasamu nilitamani kumpiga.

Nimelala chumbani kwangu. Mto unanuka kondoo. Nawaza mnacheka nini huko, mnapika nini, kama naye unamwekea ile ncha ya mkate niliyokuwa nagombania utotoni. Basi, ni wivu. Sikuwa na haja na misonobari. Nilitaka uwepo hapa tu, uningoje.

Leo nimeanza kung'oa miche mpaka vidole vikafa ganzi. Mwambie arudi na kondoo wake wote, wanywe kisima wakimalize. Marjatta anakusalimu, na safari hii kweli.

Utarudi lini?

Mdogo wako,
Heino

Muhu, 20 Januari 2012

Mdogo wangu Heino,

Salamu kwako na kwa Marjatta. Sijambo. Goti limepona, hapa hakuna ngazi.

Miche iliyobaki iache, haikumkosea mtu. Triinu nimemsomea maneno yako. Alichochea moto, kisha akasema, “Mshukuru mdogo wako, shangazi. Lakini kondoo wameshazoea huku.” Ukiona uchungu upande wangu ukirudi pori, njoo na shoka. Uno atafurahi kuwa na wa kumchokoza.

Unaniuliza nitarudi lini. Swali hilo nilikuwa nakuuliza mimi kila Krismasi, nawe ukinijibu neno moja tu. Mwezi ujao kondoo wanaanza kuzaa, na mikono yetu haitoshi.

Nami nakujibu lile lile lako: nitarudi kazi ikipungua.

Dada yako,
Laine