Mstari Mmoja Mara Saba

Halab, Jumamosi

Mdogo wangu Ghassan,

Sisi wazima, na yasmini ya uani imechanua.

Uliniagiza nimkataze binti yako Lamis kuacha ufamasia awe mwimbaji. Nilitaka kumpima kwanza, nikampeleka kwa wazee wasikilizaji. Unawajua: wimbo ukiwagusa hawangoji mwisho wapige makofi, bali humkatiza mwimbaji arudie mstari, na kwake ni aibu kuurudia vilevile.

Lamis alipoimba, mmoja wao, Haji Wadih, asiyesifu hata mvua, alifumba macho.

“Rudia, binti.”

Akarudia.

“Tena!”

Mara saba, kila mara kwa njia mpya.

“Babu, wimbo nitaumaliza lini?”

“Una haraka gani? Wagonjwa wanakungoja?”

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Kisha Haji akauliza, “Koo hili nalijua. La nani?”

“La Ghassan,” nikajibu, nikainamisha kichwa.

Uliimba hivyohivyo ukiwa na miaka ishirini, nami kaka yako nikakutia dukani uuze vitambaa. Ulinitii, nami nilikosea. Sitamkataza Lamis. Kama umekasirika, njoo unigombeze, ila upitie kwanza kwa Haji. Anasema bado anausubiri ule wimbo uliouachia njiani.

Kaka yako,
Munir