Inavuta, Haivuji

Makunduchi, 6 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Huku sote wazima, mbuzi pia. Naamini na wewe afya ipo, masikio tukiyaweka kando, na mke wangu Bi Wanu hajambo. Mwambie mume wake kijana anamkumbuka, na huyo mzee anayekaa naye hapo Malindi amvumilie tu mpaka nije kumchukua.

Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikwambia plagi, ukanijibu bei ya ndizi. Basi ni barua, na Borafya wa gari ya mihogo ndiye posta wetu.

Tangu uende mjini ukaniachia kibanda nimetengeneza pikipiki kumi na moja, na zote zinakwenda. Isipokuwa moja, ya Mwalimu Muhiddin. Anaachia mafuta, injini haiachii. Inapanda, inashuka, inapanda tena, kama mtu anayegombana peke yake. Mie nilijua ugonjwa kabla hajashuka: ni hewa, pale kwenye shingo inayounganisha kabureta na injini. Nikapaka gundi nyeusi mpaka shingo ikawa kama imevaa skafu. Baada ya siku mbili karudi. Nikapaka tena. Karudi tena. Ijumaa kasimama nje ya msikiti kumshusha baba yake, pikipiki ikapiga ukelele katikati ya khutba. Imamu akanyamaza kuisubiri imalize.

Baba kasema ikirudi mara ya nne anakifunga kibanda na mie naenda Fumba kubeba matofali ya majumba mapya. Mikono hii, babu. Na sanduku lako la spana limefungwa kufuli, ufunguo umeondoka nao, nnafanya kazi kwa spana za kuazima.

Nijibu upesi, ingawa kosa si langu.

Mjukuu wako,
Fundi Simai


Malindi, 9 Mei

Simai mjukuu wangu,

Marahaba. Nyumbani kwa shangazi yako tu wazima. Mke wako kasomewa barua kacheka, kisha kauliza ni mume gani huyo ambaye bado anafuliwa nguo na mama yake.

Gundi hiyo petroli inaila. Ibandue yote. Kisha usikisie, hakikisha. Washa, iache ingurume ilipo, udondoshee maji pole pole kuzunguka shingo, utazame inapovuta. Ukishapaona, tia gasketi mpya ya karatasi, ikae katikati ya shingo na injini izibe. Ukimaliza, jaza kikombe cha kahawa, kiweke juu ya siti injini ikinguruma, uhesabu mpaka mia. Isipomwagika, mpe mwenyewe pikipiki yake. Ikimwagika, usimpe.

Ufunguo nnao. Na utabaki kwangu.

Babu yako,
Masoud


Makunduchi, 14 Mei

Babu,

Shikamoo, na pole na masikio. Sisi wazima, ila mie nina hasira.

Nimefanya kama ulivyoandika, tena nimezidisha, maana maji matupu ni ya watu wa zamani. Nimetia sabuni ya unga, povu zuri, nikapaka shingo yote, nikachuchumaa kutazama inapovuja. Hakuna hata kipovu kimoja. Mpira wa baiskeli ukitoboka unaniambia wenyewe, hii kimya. Nikajua basi, haivuji. Nikabadilisha plagi, nikaosha kabureta, nikampa Mwalimu. Kahawa niliinywa, ilikuwa inapoa.

Leo karudi na miguu, kaisukuma toka skuli, suruali tope mpaka magotini. Hakunitukana. Kaniambia tu, "Simai, wewe nilikufundisha hesabu. Hii mara ya ngapi?"

Ya tatu, babu. Sasa nani kasema ni hewa?

Mjukuu wako,
Simai


Malindi, 17 Mei

Simai,

Marahaba. Tu wazima, ila mie presha imepanda, na unajua ni kwa ajili ya nani.

Nimeandika INAPOVUTA. Te. Vuta. Umesoma vuja, ukaenda kutafuta povu kama unaziba mpira. Injini ile inavuta pumzi. Penye ufa haitoi hewa nje, inaifyonza ndani, na povu lako imelinywa huku wewe umechuchumaa unalitazama. Rudia kwa maji matupu. Tone likizama na mlio wa injini ukibadilika, ndipo hapo. Mie siku hizi nisingeusikia, wewe masikio unayo. Yatumie.

Nakuletea karatasi ya gasketi kutoka duka la Hatim. Na kahawa si ya kunywa.

Babu yako


Makunduchi, 25 Mei

Babu,

Shikamoo. Afya njema kwa wote, na mke wangu.

Kwanza, hiyo te yako haina kofia, ina mkia. Nimemwonesha dada Mardhiya barua ya kwanza, naye ni wa kidato cha nne. Kasoma vuja. Nakurudishia barua yenyewe uione.

Pili, umesema kweli. Tone limezama kama limeitwa, upande wa chini, na injini ikabadili sauti. Niliona fahari utadhani nimeiumba mwenyewe. Nikakata gasketi, nikafunga, nikakaza boliti mpaka macho yakanitoka. Kahawa juu ya siti. Nimefika arubaini, ikamwagika. Nikakata ya pili, nikakaza zaidi. Thalathini. Ya tatu, nimekaza kwa kuning'inia kwenye spana. Kumi na mbili.

Sikumpa Mwalimu. Anakwenda skuli kwa miguu, akipita kibandani ananisalimu vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Baba hahesabu tena marejeo, anahesabu siku. Kanipa mpaka Jumamosi, tarehe mosi. Keshazungumza na msimamizi wa Fumba. Nimechoka, babu. Nitaitia baharini.

Simai wako


Malindi, 28 Mei

Simai,

Marahaba. Tu wazima. Bi Wanu kaitazama ile barua yangu ya kwanza kwa miwani yake, kasema nawe una haki. Nusu.

Arubaini, thalathini, kumi na mbili. Hesabu hiyo inakwambia kitu, nawe unaning'inia. Unakaza kama unanyonga kuku. Uso wa shingo umepinda katikati, na kila ukikaza unaupinda zaidi, ndiyo maana inarudi. Ifungue. Tafuta kioo kilichonyooka, laza msasa laini juu yake, usugue uso wa shingo kwa kuzungusha mpaka ung'are wote sawasawa. Kisha gasketi, na boliti kaza huku kidogo, huku kidogo, kwa vidole viwili vya kushikia spana. Ukihisi imegoma, wacha.

Ufunguo niliondoka nao kwa sababu ya mikono yako hiyo. Sikupenda kukwambia.

Babu yako


Malindi, 6 Juni

Simai,

Siku tisa kimya. Jumamosi imepita. Borafya naye hajaonekana sokoni. Uko Makunduchi au uko Fumba?

Babu


Makunduchi, 9 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Mimi mzima na niko kibandani. Borafya yupo, ni mie niliyemwambia sina barua. Nilitaka wiki nzima ipite kwanza.

Kioo nilichukua cha Mardhiya. Hajanisamehe. Nilisugua toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri, vidole vikatoka ngozi. Jumamosi baba kaja na begi langu limeshapangwa nguo. Nikawasha. Kikombe kakiweka yeye mwenyewe, na kuhesabu kahesabu yeye, kwa sauti, kama anataka kisifike. Kilifika mia. Akaendelea mpaka mia na hamsini. Kisha akaichukua kahawa akainywa, akarudi nyumbani na begi.

Juzi Ijumaa Mwalimu kasimama pale pale mlangoni mwa msikiti. Ikanguruma chini chini kama paka. Imamu akakatisha mwenyewe kuisubiri, haikupiga kelele, ikambidi aendelee.

Baba anakusalimu. Kaniambia nikuulize, ufunguo wa sanduku uko wapi.

Mjukuu wako,
Simai


Malindi, 12 Juni

Simai,

Marahaba. Tu wazima, mke wako anakusalimu.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Kufuli lina kutu: tia tone la mafuta, lingoje, kisha livute kwa vidole viwili. Livute. Nimempa Bi Wanu aiandike hiyo te, kofia yake ile.

Mnunulie Mardhiya kioo.

Babu yako