Kobe wa Silanga ya Mutua

Dada Wavinya, amani ya Bwana iwe nawe huko Syokimau.

Huku Ndithini kaka yetu Mutua alimtoa kobe wa maji kwenye silanga, lile bwawa la maji yetu ya kunywa, akisema anayachafua. Akampeleka kwa silanga ya jirani. Wiki haikuisha, vyura waliokufa wakaelea, maji yakanuka. Mama akamuuliza, "Sasa hao vyura utakula wewe?" Kumbe kobe ndiye alikuwa akiwala.

Mutua akaenda kumuomba jirani amrudishe kobe. Jirani akacheka, "Si ulisema ni mchafu? Mwache achafue kwangu." Alikubali baada ya kupewa jogoo.

Leo nimekaa ukingoni mwa silanga yetu nikimtazama kobe akirarua chura kwa makucha, chai ikanipolea mkononi. Mungu ana wafanyakazi wengi, dada. Maji bado tunachemsha. Liombee tumbo langu.

Akupendaye, Mbithe