Kanzu Uliyoirudisha

Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu kifua kiwe kimekuachia, uwe unakwenda tena msikitini mwenyewe bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima, ila nimechoka, baba. Nimechoka kweli.

Mjomba Ramadhani wa reli amefika kutoka huko Tabora na ile kanzu niliyokupelekea, imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Akasema ulimwambia, "Mwambie mimi sivai riba." Nilikaa nayo magotini mpaka chai ikapoa.

Labda hukuelezwa vizuri kazi yangu ya benki. Zamani watu wa hapa walimpa Mhindi mwenye duka awatunzie fedha, au walizifukia chini ya kitanda. Sasa mji umekua, meli haziishi, na Wazungu wamejenga nyumba ya mawe yenye chumba cha mlango wa chuma. Mimi nilikuwa nafagia, nafungulia watu mlango, nabeba magunia ya sarafu kutoka forodhani. Hiyo riba sijawahi kuishika. Hata Bwana Salimu, mfanyabiashara wa nazi, huweka fedha zake pale. Wakimpa faida anaikataa, anachukua zake tu, na akitoka hunishika mkono na kuniombea dua.

Wewe huwasimulia wageni jinsi babu alivyobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huko Tabora mpaka pwani. Sijawahi kukusikia ukiuliza zile pembe zilikuwa za nani. Niwie radhi, baba, ni uchovu unaosema.

Basi sikutaka tuvutane. Benki nimeacha. Yule Mzungu hakuuliza hata sababu, akamchukua mwingine. Siku hizi nabeba magunia ya karanga bandarini, kutwa juani, na nikilala bega la kulia haliguswi. Ujira ni mdogo, chumba nimehamia cha watu wanne.

Mpe mama shikamoo yangu. Nisalimie dada Mwajuma na mumewe mshona viatu, na shangazi muuza vitumbua pale Ng'ambo, mwambie vya huku havina ladha.

Mjomba anakuletea kanzu nyingine. Kitambaa chake ni kigumu kidogo, ndicho nilichoweza. Hii haikupita benki, imetoka begani kwangu. Ukiirudisha na hii, baba, nitajua hukuwa unakataa riba. Ulikuwa unanikataa mimi.

Ni mimi mwanao,
Hamisi